Finje kwa Kila Nyumba: Ganji ya Wanaochunga Wamama Wajawazito Lamu

Wacha tuanze na hesabu. Usishtuke, mimi mwenyewe niliachana na kolegi kabla ya kumaliza, so hii ni ile ya vidole. Chukua ngiri tano. Gawanya na nyumba mia moja. Unapata finje. Shilingi hamsini kwa kila nyumba, mwezi mzima.

Hiyo ndio bei ambayo Kenya imeweka kwa mtu anayepiga hodi kwa mlango wa mwanamke mwenye mimba, amuulize kama miguu imefura, apime presha, aangalie kama ameanza kliniki, na mtoi akizaliwa arudi tena kuona kama ananyonya na kama mathe mwenyewe yuko sawa kichwani. Finje. Ukiwa Nairobi hiyo ni chai na mandazi mbili kama mwenye kibanda ameamka vizuri.

Huyo mtu anaitwa CHP, yaani mhamasishaji wa afya ya jamii. Pengine umewaona mtaani wakiwa na mkoba na simu. Na leo nataka tuwaangalie wakiwa Lamu, ju huko ndio kazi yenyewe inakuwa noma zaidi, na hakuna mtu anaongea kuwahusu. Lamu tunaijua kwa punda, majahazi, dera na picha za watalii Shela. Mambo ya nani analala macho na mzazi usiku haiingii kwa picha.

Kwanza, hii kazi ni gani hasa?

Majuu, kama Marekani, kuna kazi imesomewa kabisa: mtu wa ustawi wa jamii anayeshughulika na mama kuanzia akiwa na mimba mpaka miezi ya kwanza ya mtoto. Sio nesi, sio daktari. Yeye anauliza maswali yale mengine. Una chakula? Bwana anakupiga? Umelala? Unalia bila sababu? Mtoto amezaliwa kabla ya wakati, nani atakupeleka kumwona? Wanaofanya kazi ya ustawi wa jamii huko, zaidi ya nane kati ya kumi ni wanawake, na wale wa upande wa hospitali wanapata zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Na bado wanalia kwamba ni kidogo ukilinganisha na digrii mbili walizosoma. Sisemi wanadanganya. Nasema tu tushikilie hiyo namba kidogo.

Kenya hospitali kubwa za umma pia ziko na maafisa wa ustawi wa jamii. Ukishawahi kuwa na mgonjwa ameshindwa na bili, huyo ndiye mliyetumwa kwake mwombe msamaha. Lakini huyo anakaa ofisini, na anakutana na wewe ukiwa tayari umefika hospitali. Maswali yale ya nyumbani, ya kabla na ya baada, nani anauliza? Kwa Lamu jibu ni watu wawili: CHP na mkunga. Na hakuna hata mmoja wao anayepata kitu unaweza kuita mshahara.

Lamu si kama mtaa wenu

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 kaunti nzima. Hakuna kaunti nyingine Kenya iko na watu wachache hivyo. Wengi wako Lamu Magharibi, kule Mpeketoni, Witu, Hindi na kisiwa chenyewe cha Lamu. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 22,258 tu. Hiyo ni kama mitaa michache ya Pipeline, bana. Lakini hao 22,258 wametawanyika Faza, Kizingitini, Siyu, Pate, Ndau, Kiwayu, Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, na vijiji vya Waboni ndani ya msitu, Basuba na Mangai na wenzake.

Sasa vuta picha uko Kizingitini na uchungu umekushika saa nane usiku na mambo hayaendi. Faza iko na hospitali, lakini kesi ikiwa nzito unaweza kuhitaji kufikishwa hospitali ya rufaa ya King Fahd, kisiwani Lamu. Hiyo ni boti. Boti inataka mafuta, inataka nahodha aamke, inataka maji yajae ju yakiwa yametoka kuna mahali huwezi pita bila kukwama kwa mchanga. Na kama ni majira ya Kusi, miezi ya Juni na Julai, bahari inakuwa imekasirika na hata mabaharia wazee wanakuambia ungoje kuche. Ukifika Lamu mjini, mitaa ya Mkomani na Langoni ni vichochoro. Gari haipiti. Unabebwa.

Hapo ndio unaelewa kwa nini CHP anayekuja mwezi wa sita wa mimba kusema “presha yako imepanda, usingoje uchungu, nenda ukae karibu na hospitali mapema” anaokoa zaidi ya nauli. Kitaifa, sensa hiyo ya 2019 ilipata wamama 355 wanakufa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wazima. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ukaonyesha akina mama 89 kati ya 100 wanazalishwa na mtu aliyesomea, kutoka 62 mwaka wa 2014. Hiyo ni hatua kubwa sana, si mchezo. Lakini huyo wa kumi na moja waliobaki anakaa wapi? Mara nyingi anakaa mahali kama hapa, mwisho wa njia ya boti.

Kuna kitu kingine. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, na miaka iliyofuata usalama ukawa stori ya kila siku huko. Wafanyakazi wengi wa serikali waliotoka bara, walimu na wahudumu wa afya, wakaomba kuhamishwa. Siwezi kuwalaumu, hata wewe ungeomba. Lakini fikiria nani alibaki. Alibaki yule ambaye hapo ndio kwao. Mwanamke wa kijiji, mwenye watoto wake, asiye na barua ya kuhamishwa ju hakuna mtu aliwahi kumwandikia ya kuajiriwa.

Nani anafanya hii kazi

Hakuna siri hapa: ni wanawake. Shirika la Afya Duniani lilisema 2019 kwamba wanawake ni kama asilimia 70 ya wahudumu wa afya duniani, lakini kwa viti vya wadosi wako kama asilimia 25. Ukishuka chini mpaka kwa wale wanaofanya kazi mlango kwa mlango, ndio unawakuta wanawake wenyewe. Ripoti ya shirika la Women in Global Health ya 2022 ilihesabu wanawake wapatao milioni 6 duniani wanaofanya kazi muhimu za afya bila malipo au kwa malipo ya aibu.

Kenya CHP hachaguliwi na ofisi. Sera inasema jamii yenyewe inamchagua, kwa baraza, awe mkazi wa hapo na ajue kusoma na kuandika. Hiyo ni poa ju anaaminika. Lamu hauwezi tu kuingia chumbani kwa mzazi kwa sababu uko na beji. (Kwa Waswahili wa pwani, mzazi ni mama aliyejifungua juzi, si lazima babako na mamako.) Lazima ujulikane, ni binti ya nani, unaongea vipi, na ukitoka hapo mdomo utaufunga ama utaenda kupiga domo barazani.

Lakini hiyo njia ya kuchagua pia inachuja umri. Ukiangalia wanaochaguliwa ni mathe aliyezaa, aliyelea, mwenye heshima. Dem wa miaka 22 aliyetoka kusomea uuguzi KMTC, na Lamu iko na kampasi yake, hatachukua ngiri tano. Atangoja kandarasi, ama ataenda Mombasa, ama ataenda Saudia. So unapata kazi inayofanywa na wanawake wa umri wa kati na wazee kidogo, na nyuma yao hakuna foleni ya vijana. Hiyo ndio sehemu inafaa kukuamsha wewe unayesoma hii ukiwa na miaka 24. Hao wakichoka, nani anachukua mkoba?

Jina limepanda cheo, mfuko haujui

Huu mpango wa afya ya jamii Kenya uliingia 2006. Wakaitwa wafanyakazi wa afya ya jamii. Baadaye wakaitwa wa kujitolea, ambayo angalau ilikuwa ukweli. Septemba 25, 2023 rais akasimama Uhuru Park akawazindua upya, CHP zaidi ya 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto, mzani, ule utepe wa kupima mkono wa mtoto kama ana utapiamlo, na simu za kuingiza data. Mwezi uliofuata Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 ikasainiwa, na ikawatambua rasmi.

Ganji sasa. Mpangilio ni 2,500 kutoka serikali kuu na 2,500 kutoka kaunti. Hiyo ndio ngiri tano. Inaitwa posho, na hilo neno limebeba uzito wote wa hii stori. Angalia: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu na mshahara wote. Mwanamke aliyeajiriwa. CHP si mwajiriwa, ni mtu anayejitolea na kupewa posho. Kwa hivyo yule anayezunguka kijiji akiwaambia wamama wapumzike baada ya kujifungua, yeye akijifungua hiyo likizo haimhusu. Nilisoma hiyo mara mbili nikidhani nimekosea mahali.

Linganisha kidogo. Mwaka wa 2024 kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi, Mombasa na Kisumu kiliwekwa 16,113.75 kwa mwezi. CHP anapata chini ya theluthi ya hiyo. Mwaka huo huo madaktari walikuwa kwenye mgomo siku 56, na moja ya ngori kubwa ilikuwa malipo ya wale wa mafunzo: serikali ilitaka kuwapa 70,000, wao wakashikilia 206,000 na kitu kama ilivyoandikwa kwenye makubaliano ya 2017. Sote tulijua hiyo stori ju madaktari wako na KMPDU, walikuwa na Atellah, wako na mavuvuzela barabarani. CHP hana makubaliano ya kuweka mezani. Akigoma, hakuna kichwa cha habari. Kuna mwanamke tu Siyu hakutembelewa wiki hiyo.

Na hizo 2,500 mbili hazitembei pamoja. Mwaka wa 2024 CHP wa kaunti nyingi walilalamika kwamba pesa inachelewa miezi na miezi. Serikali kuu inasema imetuma, kaunti inasema inangoja mgao, na mgao wenyewe unangoja Hazina. Wewe ukiwa katikati unaambiwa uwe mvumilivu.

Pesa inaenda wapi

Hapa ndio Lamu inakula zaidi. Nyumba mia moja kwa CHP mmoja ni hesabu ya mtu aliyefikiria mtaa ulionyooka. Kaunti ilikuwa na karibu nyumba 38,000 kwenye sensa, so kwa hiyo hesabu unahitaji kama CHP 380. Kwa makaratasi imeisha vizuri. Lakini nyumba mia za Langoni unaweza kuzimaliza kwa miguu. Nyumba mia ukichanganya na vijiji vya kando kando ya Kiunga au msituni zinataka boda, zinataka boti, ama zinataka utembee kwa jua lile mpaka kisogo kipige kelele.

Simu nayo inataka bando. Data ya mama mjamzito haijipandishi yenyewe. Simu inataka chaji, na si kila nyumba iko na stima. Halafu kuna matumizi ambayo hakuna fomu inayauliza: unaingia kwa mtu, mama amejifungua siku ya tatu, jikoni hakuna kitu. Utamuuliza dalili za hatari ukiwa umekunja mikono? Unatoa mia mbili. Unatuma mtoto dukani alete unga na sukari. Hiyo mia mbili ni posho ya nyumba nne.

Tangu Oktoba 2024 kazi imeongezeka. Linda Mama, ile ya kujifungua bure tuliyoizoea, ikabadilishwa ikawa Linda Jamii chini ya SHA. Sasa mama lazima asajiliwe, na kwa hospitali kubwa awe amelipa mchango, ambao kwa mtu asiye na payslip unaanzia 300 kwa mwezi na unalipwa wa mwaka mzima kwa mpigo. Hiyo ni 3,600. Nani ametumwa mlango kwa mlango kuwaeleza watu hiyo mambo na kuwasajili? Umeshajua. Na yeye mwenyewe kwa hesabu ya posho yake, hiyo 3,600 ni zaidi ya nusu ya mwezi.

Mkunga hajaenda popote

Huwezi kuongea kuhusu wazazi wa Lamu ukaruka mkunga. Kabla ya mikoba na simu, yeye ndiye alikuwa mfumo mzima. Mwanamke akikaribia anarudi kwa mamake, mkunga anaitwa, anazalisha, halafu kazi yake inaanza upya: kumkanda mzazi kwa maji moto, kumfunga tumbo, kumsimamia uji wa pilipili manga, kumwogesha mtoto, kukaa naye. Siku arobaini. Malipo yake hayakuwa na bei ukutani. Unampa ulicho nacho, noti, sukari, doti ya leso, na heshima ya kuitwa kwa kila mtoto wa hiyo nyumba.

Serikali ilipotangaza kujifungua bure 2013, ujumbe ukawa mama aende hospitali. Na kwa uzazi wenyewe ni sawa kabisa, mkunga hawezi kuongeza damu wala kupasua. Sehemu nyingi Kenya wakunga wakaambiwa wabadilishe kazi, wawe wa kusindikiza mama mpaka hospitali, na wengine wakaingia kwenye uCHP.

Lakini angalia kilichopotea katikati. Hospitali ilichukua yale masaa ya kuzaa. Zile siku arobaini za kukaa na mtu, hakuna aliyezichukua, na hakuna aliyeajiriwa kuzifanya. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano anapata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa msongo mzito wa mawazo. Mkunga hakuwa na jina la hiyo kitu, lakini alikuwa ndani ya chumba. Aliona mzazi hataki kumshika mtoto. Aliona hali. Alimwambia mama mkwe atoke nje kidogo. Majuu hiyo ndiyo kazi yenyewe inayolipwa dola 60,000. Huku tuliita mila, so tukadhani ni ya bure.

Wengine walifanyaje

Usiniambie haiwezekani kulipa. Ethiopia, ambayo si tajiri kutuliko, ilianza 2003 mpango wa kuchukua wasichana wa vijijini, kuwafundisha kama mwaka mmoja, na kuwaajiri na serikali kwa mshahara, wawili kwa kila kituo cha kijiji. Wakafika zaidi ya 30,000. Si posho, ni mshahara. Rwanda kila kijiji kiko na mwanamke maalum wa mambo ya uzazi, na malipo yanapitia vyama vyao vya ushirika kulingana na kazi waliyofanya, na hicho chama kinawekeza. Liberia, baada ya ebola kuwafunza kwa uchungu, ilianza 2016 kuwalipa wahudumu wao wa vijijini dola 70 kwa mwezi. Hiyo ni karibu mara mbili ya ngiri tano, na ni Liberia.

India nao wako na akina ASHA, wanawake karibu milioni moja. Mei 2022 Shirika la Afya Duniani likawapa tuzo ya heshima. Wamegoma mara nyingi kuhusu malipo kabla ya tuzo na baada ya tuzo, ju cheti hakinunui mchele.

Lamu yenyewe imejaribu kujaza pengo. Safari Doctors, iliyoanzishwa na Umra Omar, binti wa huko huko, wamekuwa wakisafiri kwa jahazi na matabibu kwenda vijiji vya mbali, na 2016 CNN ikamweka kati ya mashujaa wake kumi wa mwaka. Ni kazi safi. Lakini jahazi linakuja na kuondoka. Na pesa za wafadhili tuliona Januari 2025 zinavyoweza kuzimwa kwa saini moja Washington, ambapo nchi nzima wahudumu waliokuwa wakilipwa na Wamarekani, wakiwemo wamama wanaowasindikiza wajawazito wenye virusi, waliamka hawana kazi. Anayebaki kijijini ni yule yule wa finje.

Sasa ukitaka kujua kama kwenu wanalipwa, usingoje mtu aposti. Kila mwaka kufikia Aprili 30 kaunti lazima ipeleke makadirio ya bajeti bungeni, na lazima wananchi waitwe kusema. Hicho kikao huwa na viti vitupu na soda nyingi. Ingia, itisha kurasa za idara ya afya, tafuta mstari wa posho ya CHP. Angalia vitu viwili: wameweka 2,500 mara miezi 12, ama wameweka ya miezi michache wakitumai hutahesabu? Na ya mwaka jana, ilitoka yote? Halafu muulize CHP wa kwenu mara ya mwisho simu yake ililia M-Pesa ilikuwa mwezi gani. Linganisha hayo majibu mawili.